Haina Risasi

Jumatano, saa tisa mchana.

Chumba cha nyuma ya saluni pale Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi, kilikuwa na joto la kuivisha ndizi. Mbele mashine ya kunyolea ilinguruma. Nyuma watu watatu walikalia madebe wakipanga wizi. Mwenye maneno alikuwa Rwakabuba. Zamani alikaa msituni na bunduki, na tangu atoke huko hakuna kazi nyingine iliyomkaa vizuri mwilini. Alichora duka sakafuni kwa kipande cha mkaa: mlango, kaunta, friji, ghala.

Duka lenyewe liko Mbarara, linauza dawa za mifugo. Kupe wa Ankole siku hizi ni sugu. Dawa ya kawaida wanaioga tu na kuendelea kunyonya, kwa hiyo katoni ya dawa kali ni mali. Upande wa Isingiro kulikuwa na mnunuzi aliyezisubiri, na hakuwa na tabia ya kuuliza zimetoka wapi.

Ndayambaje, Mrundi asiyependa kusema, angeendesha gari. Wa tatu alikuwa Yonatani, mfugaji wa milima ya Kivu Kusini aliyebaki bila ng'ombe, sasa akisomba maziwa ya wenzake kwa pikipiki hadi mjini. Yeye ndiye aliyelijua duka, na alijua katoni ipi ni ipi. Posho ilikuwa imepunguzwa, kisha ikapunguzwa tena, na tumbo la mtoto halielewi neno hilo. Ndivyo shetani alivyopata kiti nyumbani kwake.

Alimjua pia anayesimama kaunta. Vanessa, binti wa Kikongo, waliimba naye kwaya moja kambini kabla hajapata kazi Mbarara. Alimwita kaka, na kila alipopita alimpa maji ya kunywa. Na huyo ndiye waliyekuwa wakienda kumwibia.

Rwakabuba akatoa bunduki guniani. Kitako kilikuwa kimekatwa. Waliikodi kwa siku moja kwa mlinzi wa ghala fulani, mtu anayelala mchana huku bunduki yake ikienda kazini bila yeye. Rwakabuba akaikoki, kra-kra, apate kuona sura zao zikibadilika. Zikabadilika. Akasukuma kidude cha usalama, akaridhika.

Yonatani akamwambia atoe risasi.

"Bunduki bila risasi ni fimbo ya kuchunga," Rwakabuba akajibu. "Na weye fimbo unaijua, ndugu yangu. Hii ni ya kutisha tu."

Jambazi akikwambia "tu", anza kukimbia. Yonatani hakukimbia. Alianza kuwaza.

Mama yake alipigwa risasi ya paja kule milimani, vijana wakigombania ng'ombe wasiokuwa wake. Walimbeba kwa machela tangu asubuhi. Kila kilima walisimama, wakafunua nguo waone kama damu imekoma, wakaomba Mungu, wakafunika nguo nyingine. Hakufika. Hakuna mbebaji aliyemtakia mabaya, ila hakuna aliyejua kuzuia damu. Tangu siku hiyo Yonatani aliweza kuvumilia njaa, na sasa aliona angeweza kuvumilia hata wizi. Damu hakuiweza.

Alhamisi, saa mbili asubuhi.

Bunduki ilisafiri kwenye mkebe mkubwa wa maziwa, umefungwa nyuma ya pikipiki ya Yonatani pamoja na mingine miwili iliyojaa maziwa kweli. Askari wa vizuizi walimzoea. Rwakabuba mwenyewe aliiviringisha kwa gunia, akaifunika, akamsisitiza asiuguse mkebe mpaka mjini.

Yonatani aliugusa njiani, alipofika Rwekubo. Alisimama penye mgahawa, akaingia choo cha shimo na gunia chini ya koti, akakomea mlango. Milimani aliwahi kuona vijana wakifanya hivi. Akachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akazisukuma kwa dole gumba, moja baada ya nyingine, kila moja ikianguka shimoni kwa mlio mdogo. Hakutaka kuzitupa migombani. Watoto huokota kila king'aacho. Magazini ilipokuwa tupu kabisa aliirudisha mahali pake, safi, kama haijaguswa.

Alipotoka alikuwa mwepesi. Nusu shari kuliko shari kamili, alijiambia. Watachukua dawa, wataondoka, hakuna atakayevuja damu. Tangu Jumatano hakuwa ameimba, lakini barabara ya Isingiro aliimaliza akiimba ndani ya kofia yake ngumu.

Saa nne asubuhi.

Gari lilisimama nyuma ya duka, Ndayambaje ndani, injini ikiwaka. Rwakabuba alivaa barakoa, akaipokea bunduki haraka, akafungua kidude cha usalama bila kukagua kingine. Aliikoki mwenyewe jana. Alijua alichokishika.

Wakaingia. Wateja hawakuwapo. Vanessa alikuwa akifuta vumbi kwenye chupa. Aliona mtutu, kitambaa kikamdondoka. Rwakabuba akamwamuru akae chini nyuma ya kaunta, naye akakaa, akitetemeka hata bangili zikalia. Yonatani akaanza kubeba katoni. Safari ya kwanza. Ya pili. Kofia haikuvuliwa, wala hakusema neno.

Lakini kofia haikufichi kwa mtu aliyekupa maji mara nyingi. Alipoinama karibu naye, Vanessa alikuwa akimtazama viatu. Viatu vya mpira, vyenye matone ya maziwa. Akapandisha macho taratibu. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na Yonatani aliona aibu iliyomchoma kuliko alivyotarajia. Akataka kumpa kitu, chochote. Akampa alichokuwa nacho.

"Dada, usiogope," akanong'ona. "Haiko na risasi. Nilizitoa mi mwenyewe."

Mtetemo wa bangili ukakoma.

Rwakabuba akadai ufunguo wa friji ya chanjo. Vanessa akasimama. Hofu ilikuwa imemtoka usoni, na mahali pake palikaa hasira ya mtu aliyelizwa bure. Akazunguka kaunta. Rwakabuba akamwambia arudi. Hakurudi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mtutu.

"Piga basi," akasema.

Akaushika mtutu, akausukuma chini na pembeni kama mtu anayeondoa tawi njiani. Kidole cha Rwakabuba kilikuwa mahali pake.

Mlio ulijaza duka. Vanessa akaketi sakafuni ghafla, akatazama paja lake, damu ikiruka kwa mapigo.

"Nilizitoa zote!" Yonatani akapaza sauti. "Zote!"

Kwa neno hilo alijisaliti. Rwakabuba akageuka, akaitazama bunduki, akamtazama yeye, akaelewa. Akamwelekezea kifuani na kufyatua. Ikalia chuma kwa chuma, ka, basi. Akaikoki, akafyatua tena. Ka. Basi akampiga nayo mdomoni na kumwangusha. Nje gari lilikuwa limeshaondoka. Ndayambaje alisikia mlio mmoja, ukamtosha. Rwakabuba akarukia pikipiki ya maziwa, akapotea.

Mlango wa nyuma ulibaki wazi. Ng'ambo yake kulikuwa na uchochoro mtupu na mji mkubwa wa kujificha. Yonatani aliutazama. Nisikusimulie uongo, aliutazama sana.

Kisha akavua koti.

Annonciata, mhudumu wa afya wa kijiji, aliwahi kuwafundisha kanisani Misiera. Yonatani alikwenda kwa ajili ya sabuni iliyogawiwa mwishoni, lakini maneno yalimkaa. Shindilia nguo ndani ya kidonda. Kandamiza kwa uzito wako wote. Usichungulie. Anayechungulia anaua. Siku ile alitoka nje kulia, kwa sababu aliikumbuka machela.

Akakishindilia kitambaa cha vumbi ndani ya kidonda, Vanessa akapiga yowe. Akaweka koti juu, akalaza viganja, akanyoosha mikono na kulala juu yake na uzito wake wote. Damu ilipanda kati ya vidole, ikapungua, ikawa ya kujipenyeza. Alitamani kuangalia. Hakuangalia.

Watu walijaa mlangoni. Walipiga picha kwa simu. Yonatani akaomba msaada, akajibiwa kwamba mtu wa risasi haguswi kabla ya polisi.

"Kaka," Vanessa akasema, midomo imekauka. "Ulisema haiko na kitu."

Akazidi kukandamiza.

Polisi walifika wawili. Wa mbele, sajini wa makamo aitwaye Kizito, aliona mtu mwenye damu juu ya msichana mwenye damu, na umati ukisema ndiye, ndiye mwizi. Akamwelekezea bunduki. Hii ilikuwa imejaa, hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Wewe! Mikono juu!"

"Afande, siwezi. Nikiitoa atakufa."

"Mikono juu nimesema!"

Yonatani alijua anakufa. Moyo ulimpiga mpaka kwenye viganja, juu ya mapigo ya mwingine. Hakuinua.

"Kuja uweke yako kwanza," akasema. "Nafasi hii hii, na nguvu. Halafu nitainua."

Kizito akaitazama mikono ile. Kisha akampa mwenzake bunduki, akapiga magoti. Viganja vyake vikateleza chini ya viganja vya Yonatani, kimoja, kisha kingine. Yonatani akamwambia asichungulie. Ndipo akainua mikono juu, kama alivyoamriwa, na pingu zikamkuta humo humo hewani.

Saa kumi na moja jioni.

Kizito alikuwa ameoga, lakini kwenye kucha damu ilibaki. Aliweka bunduki iliyokatwa kitako juu ya meza ya kituo. Rwakabuba alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, kwani askari wa pale waliijua pikipiki na hawakumjua mpandaji. Mlinzi aliyekodisha bunduki alikutwa bado amelala.

Kizito akasema Vanessa yuko hai. Mguu, madaktari hawajui. Kisha akauliza risasi nyingine ziko wapi.

"Choo cha Rwekubo. Nilizitoa zote, afande. Magazini ilikuwa tupu."

Kizito akamtazama kwa uchovu. Akachomoa magazini, akaiweka kando. Akavuta chuma cha ubavuni nyuma, akamwinamishia aone shimo dogo lililokuwa ndani.

"Hii nyumba iko na vyumba mbili," akasema. "Wewe ulifagia moja. Mtu akikoki, risasi moja inapanda hapa. Unatoa magazini, hiyo inabaki. Ndiyo inaua watoto yetu nyumbani. Baba anasema haina risasi, anaiweka kwa kitanda."

Yonatani akalitazama shimo. Lingeingia kidole cha mwisho, si zaidi.

"Dada aliuliza kitu?"

"Moja tu. Kwa nini ulimwambia vile."

Kama angekuwa amemdanganya, angekuwa na la kujibu. Angesema nilikuwa mwizi, nilikuwa mwoga, nisamehe. Lakini alimwambia ukweli wote alioujua, na ndio uliomsimamisha Vanessa mbele ya mtutu.

"Afande," akasema. "Unionyeshe tena."

Kizito akavuta chuma nyuma mara ya pili, polepole.