Kisahani cha Kamera

Ta! Kitu kilipasuka jikoni kabla hakujapambazuka.

Kidagaa, binti aliyeitwa hivyo kwa kupenda maji, aliganda. Kila siku ya kuzamia yeye ndiye aliyefunga mkoba wa shangazi yake, mpiga picha za video chini ya bahari. Sasa kisahani cheupe cha kamera kilikuwa vipande miguuni pake.

"Nini hicho, mwanangu?" shangazi aliuliza kutoka chumbani.

"Kijiko tu, Shangazi."

Alificha vipande nyuma ya ndoo, akapapasa gizani kisahani kingine cha chai, akakitia mkobani. Walipofika ufukweni, jua likatoka. Kidagaa akachungulia mkobani. Lo! Kisahani kilikuwa na ubuluu kidogo.

"Shangazi, hivi kisahani kina kazi gani hasa?"

"Maji hula wekundu, kila kitu kikaonekana cha buluu. Nikiionyesha kamera kitu cheupe hukohuko chini, inarekebisha rangi zote."

"Na ikidanganywa?"

Shangazi alicheka huku akivaa mapezi. "Basi nayo itatudanganya sisi!"

Akazama. Huko chini, palipo buluu tupu, hakuona tofauti.

Mchana walikwenda kwa Bibi Mapezi, mzamiaji wa zamani ambaye magoti yalimkatalia bahari. Alikuwa amepanda bustani ya matumbawe baharini kwa mikono yake. Joto la maji likizidi, matumbawe hupauka, na yasipohamishiwa kina kirefu chenye baridi, hufa. Bibi aliyachunguza kwenye video za shangazi tu.

Leo yalionekana ya waridi, yamenawiri.

"Watoto wangu wamepona!" Bibi alifuta machozi. "Waambie vijana wa kuzamia wasihamishe hata moja."

Kidagaa alisukuma kikombe chake kando.

"Mbona hunywi? Au nimetia chumvi?" Bibi alitania.

Kidagaa alitazama tena picha zile za waridi. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini matumbawe je?

"Bibi, hayajapona! Yaani... sijui kama yamepona. Nilivunja kisahani nikaweka cha buluu. Kamera imeongeza wekundu."

Shangazi alimtazama. "Kumbe kijiko kilikuwa kisahani."

"Nisamehe, Shangazi. Niliogopa."

Bibi aliinua kikombe chake, akachukua kisahani cheupe kilichokuwa chini yake, akakipangusa kwa ncha ya nguo yake. Akampa Kidagaa, si shangazi.

"Kimbieni. Jua lingali juu."

Safari hii video ilionyesha kweli: ncha za matumbawe zilikuwa zimepauka kama majivu. Kesho yake vijana wa kuzamia walianza kuyahamishia kwenye maji ya baridi. Kidagaa alilala vibaya siku nyingi, akiuliza kila asubuhi, "Yamekufa?"

Hayakufa. Mwezi uliofuata rangi ilianza kurudi, na mara hii ilikuwa rangi yao wenyewe.

"Umeona, mwanangu?" shangazi alimwambia mlangoni kwa Bibi. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kisahani kikivunjika tutapata kingine. Bustani ile tungeipata wapi? Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna la kufanya."

Kidagaa alimnyooshea Bibi kisahani chake kwa mikono miwili.

"Kaa nacho," Bibi alisema. "Ila kila mkizamia, uniletee mwenyewe habari za watoto wangu. Magoti yangu hayanifikishi kwenu. Utakuja tena, mjukuu wangu?"