Kinamasi Chini ya Bwawa la Rwamiti

Asubuhi hiyo vinusio vilisambaa juu ya Bwawa la Rwamiti kama kundi la bata. Kila kimoja kilikuwa roboti ndogo yenye mwavuli tumboni. Mapovu yakipanda kutoka chini, mwavuli uliyakinga, ukapima gesi iliyomo na kutuma majibu kituoni. Mhandisi Kemilembe alikuwa ameviunda ili kuthibitisha kwamba umeme wa Rwamiti ni safi.

Vilithibitisha kinyume chake. Mkono wa kaskazini wa bwawa ulikuwa ukitokota. Kabla ya maji kujazwa, huko palikuwa na kinamasi cha mafunjo kilichoota juu ya mboji, udongo mweusi wa mimea iliyolundikana kwa maelfu ya miaka na kufungia kaboni ndani yake. Sasa mimea iliyozama ilioza bila hewa na kuzaa methani, gesi inayonasa joto kuliko hewa ukaa, tena kwa mbali. Mkono ule peke yake ulichafua anga kuliko mtambo wa makaa ya mawe uliozimwa bwawa lilipofunguliwa.

Mkuu wa kituo, Mzee Rugaimukamu, alimtaka Kemilembe apime upya. Akapima, majibu yakawa yale yale. Kemilembe akashauri mkono ule utengwe kwa tuta, maji yashushwe hadi yafike kifundo cha mguu, mafunjo yarudi kufungia kaboni kama zamani. Umeme ungepungua, ila vioo vya jua vinavyoelea vingeziba sehemu kubwa ya pengo. Bwawa lile Mzee alilijenga akiwa kijana. Mwishowe akakubali.

Habari zilipofika makazi ya waliohamishwa kupisha bwawa, Shangazi Kokubanza, aliyemlea Kemilembe, alianza kunoa jembe. Kemilembe alimfuata akamweleza kwamba mboji ikikaushwa ilimwe, kaboni yote itatoka.

"Kwa hiyo tulihamishwa ili maji yaje," Shangazi alisema, "na sasa maji yanaondoka, nasi haturudi."

"Hamtarudi kulima, Shangazi. Siwezi kukudanganya."

Shangazi aliliweka jembe chini. "Na makaburi je?"

Kemilembe alimwomba amsimulie yalipokuwa. Katika vipimo vyake vyote hakuwahi kuuliza hilo. Alirudi kituoni, akavituma vinusio vichunguze sakafu ya bwawa pale aliposimuliwa. Palikuwa na kilima cha udongo mfinyanzi, wala si mboji. Kingeweza kuwa kikavu bila madhara. Akachora upya kina cha maji ili kilima kibaki juu, na katika mpango akaandika kwamba walinzi wa milango ya maji ya tuta wachaguliwe kutoka makazi yale.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuta mafunjo yamechipua. Vinusio vilipita kati yake na havikukuta mapovu ila machache. Shangazi alivuka kwa daraja la mbao akimshika mpwa wake mkono, akapanda kilimani, akainama na kufuta tope kwenye jiwe la kaburi.

"Mama," alisema taratibu, "huyu ndiye Kemilembe, mjukuu wako. Alizaliwa ukiwa majini. Ndiye aliyekutoa."