Maji ya Makayabo

Mama Nshobole wa Mabanga alikuwa na mkono wa kupika, hilo hakuna aliyebisha. Akitia makayabo, ile samaki ya chumvi, kwenye mafuta, majirani walimwita: "Mama, leo tunakuja kwako!" Naye anacheka, anaongeza sahani.

Bwana yake, Papa Bashige, alikuwa fundi wa kushona kule Birere. Jioni alikula sosi yote, kisha akapangusa sahani kwa kipande cha mwisho cha bugali. Mama Nshobole alipenda kumtazama hapo kuliko kitu chochote.

Siku moja Papa Bashige akaangukia mashine yake ya kushona. Kwenye centre de santé, kituo cha afya cha mtaa, wakampima. Tension, yaani presha ya damu, ilikuwa juu sana. Wakampa vidonge vya kila siku. Wakaonya: "Mupunguze chumvi, ama atapooza mwili, hata kufa."

Mama Nshobole aliogopa kweli. Siku ileile akatoa kopo la chumvi jikoni, akalitupa. Nani atasema hakutii?

Lakini wiki zikapita, tension haikushuka. Papa Bashige akachoka.

"Hizi vidonge ni bure," akasema. "Naacha kuzimeza."

"Papa, nakuomba!"

"Dawa nakunywa, chumvi tuliacha. Sasa niache nini tena? Kupumua?"

Mama Nshobole akaenda mbio kwa jirani yake Umutesi. Huyo ni relais communautaire, anapita nyumba kwa nyumba kufundisha mambo ya afya.

"Twende jikoni kwako," Umutesi akasema. "Pika, mimi niangalie."

Mama Nshobole akasuuza makayabo mara moja, haraka, akaitia kwenye mafuta. Kisha akavunja cube ya kwanza, kile kiungo cha kukoleza sosi. Akavunja ya pili. Akashika ya tatu.

"Ee, mama! Na hizo cube zote?"

"Munganga wa centre alikataza chumvi, hakukataza cube. Sosi bila kitu, nani atakula?"

Umutesi hakubishana. Akachukua kipande cha makayabo kilichobaki, akakiweka kwenye bakuli la maji. Wakakaa wakichambua mboga za lenga-lenga. Baadaye akachota yale maji kwa kikombe.

"Onja."

Mama Nshobole akaonja, akatema palepale.

"Yesu Maria! Hii ni chumvi tupu!"

"Njo hiyo chumvi Papa Bashige anakula. Na cube pia imejaa chumvi. Ulifunga mulango, mama, chumvi ikaingia kwa dirisha."

Mama Nshobole akalia. "Kumbe ni mimi! Nilimupikia kwa upendo, kumbe namuua!"

"Pole, mama. Hukujua. Mukono huohuo utamusaidia."

Umutesi akamweleza polepole. Makayabo iliwe mara mojamoja tu, tena ilale ndani ya maji, na maji yabadilishwe mara nyingi. Siku zingine apike sambaza mbichi, wale samaki wadogo wa ziwa. Cube aziache. Ladha aitafute kwa nyanya, kitunguu, saumu, celeri, tangawizi na ndimu.

"Mutu mukubwa, chumvi yake yote ya siku isipite kijiko kimoja kidogo cha chai," Umutesi akasema. "Hesabu na ile ya mukate na samaki. Mwenye tension apunguze zaidi. Na vidonge asiache hata kidogo! Ulimi utanuna kwanza, halafu utazoea."

Ulimi ukanuna kweli. "Hii ni chakula ya wagonjwa?" Papa Bashige akauliza.

"Ni chakula ya mutu mwenye atazeeka na mimi," Mama Nshobole akajibu. Papa Bashige akala, na vidonge akameza.

Miezi ikapita. Kwenye centre de santé, muuguzi akampima, akatabasamu. Tension ilikuwa imeshuka. "Muendelee hivyohivyo, na dawa pia," akasema.

Siku moja Papa Bashige akarudi kutoka Birere, mkono kooni.

"Mama, maji! Rafiki zangu wamenikaribisha chakula, kumbe ni chumvi wamepika! Sikuweza kumaliza. Chakula yako iko wapi?"

Mama Nshobole akampakulia sambaza na bugali. Papa Bashige akala yote, kisha akapangusa sahani kwa kipande cha mwisho. Mama Nshobole akakaa anamtazama, na safari hii hakuogopa.