Mirija Ndani ya Kauri ya Kifaransa

"Onja wewe kwanza, mwanangu."

Shangazi Kostansia alimsogezea Revokatus mrija. Sebule nzima ya Clintonville ilimkodolea macho. Hata friji iliacha kunguruma ili isikie.

Jumamosi hiyo ya 2015, huko Marekani, Revokatus alikuwa ametoka jiji la Louisville na mshenga wake, mzee Salvatori, kuja mtaa huo wa jiji la Columbus kumposa Teopista. Alileta dumu la pombe ya ndizi, na zawadi ya shangazi wa Teopista: chombo cha kauri cha Kifaransa, cha kale, kilichochorwa kwa mkono nguzo, mataji ya majani na mwanamke wa Kigiriki aliyejifunga shuka. Njia nzima kauri ilikaa kiti cha mbele na mkanda wake. Salvatori alibanwa nyuma na dumu.

Sasa, Revokatus alipokwenda kuegesha gari, shangazi, aliyetoka Buffalo kuja kuamua posa hii, aliona chungu kizuri. Akamimina pombe humo, akachomeka mirija.

Na kwa Warundi, aliyeleta kinywaji huonja kwanza, watu wajue ni salama.

"Shangazi, mimi... nimeshiba."

"Tangu lini pombe ikasubiri njaa?"

"Onja, bwana," Salvatori alinong'ona kwa sauti ya kufika Buffalo. "Unatuaibisha."

Simu ya Revokatus ikatetemeka. Ni Teopista, jikoni: "Kama umebadili mawazo, sema. Usinitese mbele ya shangazi."

Akajibu chini ya meza: "Nakupenda. Ila hicho chombo kina sumu."

Mwiko ulianguka jikoni. Teopista akatoka mbio.

"Sumu? Revo, umemletea shangazi yangu sumu?"

Salvatori akasogeza kiti pembeni, kama mtu aliyekuja na posa nyingine.

Revokatus akapiga magoti.

"Nisamehe, Shangazi. Mama aliyeniuzia kule Highview, Louisville, alisema ni cha kutazama tu. Zile rangi za zamani huenda zina madini mabaya, mtu asinywee humo. Nilitaka upambe sebule yako. Nikaona haya kusema zawadi yangu haifai kunywea."

Shangazi akamtazama mwanamke wa shuka, kisha akamtazama yeye.

"Ungevuta kidogo tu, ningekupa mke leo leo. Kwa nini hukuvuta?"

"Wewe ungefuata kuvuta, Shangazi. Na ndiwe uliyemlea Teopista kwenye kambi ya wakimbizi."

Shangazi akaisukuma kauri kando.

"Teopista, kamwage hii. Leta ndoo, mimina humo pombe iliyobaki kwenye dumu. Na mirija mipya."

"Ndoo ya kuoshea mboga?"

"Hiyo hiyo. Mwanaume anayekubali kukosa mke kuliko kuninywesha sumu, nikimfukuza nitampata wapi mwingine?"

Revokatus akaonja kwanza. Teopista akashika mrija wa pili bila kuambiwa, vipaji vyao vya uso vikagusana juu ya ndoo.

"Taratibu, nyie," shangazi akasema, akivuta kiti. "Nipisheni. Hiyo ni pombe ya mkwe wangu."