Mashindano ya Chukudu Karuba

Rafiki yangu Verdiane wa Karuba huendesha chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, na hupenda sana miteremko yenye matuta na miti. Alasiri moja, akipeleka jibini Mushaki, papa mmoja, mzee wa njiani, akamuonya: "Dada, mu ule musitu watu hawapitake tena."

"Basi njo mimi nitapita!" akajibu Verdiane, akaingia msituni.

Humo ndani ukungu uliziba mwanga. Akiruka matuta, akasikia magurudumu ya mbao yakigonga nyuma yake. Akasimama, yakanyamaza. Akaondoka, yakaja.

"Unataka mashindano? Kuya!" akafoka, akajiachilia kati ya mikaratusi mpaka bondeni.

"Nimekushinda!" Verdiane akapaza sauti, akigeuka nyuma.

Kitu kikahema karibu na sikio lake. Njia ilikuwa tupu. Verdiane hakusogea. Mbele yake matope yakabonyea polepole, unyayo mmoja, vidole vikimwelekea yeye.