Ndege Aliyoiacha Fridolin

Mwaka ule wa 1954 masika yalikuwa yametulia kidogo pale Lumemo, na Raimundi seremala alikuwa barazani akipiga randa ubao wa mlango. Mkewe, Justa, alikuwa akipepeta mchele. Ndipo akaja Eustaki, kijana wa Lupiro aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, pamoja na mtoto wao wa pekee, Fridolin.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Eustaki hakukaa. Habari ya msiba walikuwa wameipata tangu Noeli: Fridolin alichukuliwa na mto huko vitani, kwenye misitu ya Asia, na mwili haukuonekana. Alichokuja nacho kijana yule ni kisanduku cha karatasi ngumu chenye picha ya ndege ya jeti ya kivita. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki, mabawa na mkia na magurudumu matatu madogo kama punje za mtama, pamoja na kichupa cha gundi.

"Aliinunua bandarini," Eustaki akasema, macho chini. "Alisema ataiunda na baba yake."

Raimundi alikificha kisanduku darini. Justa akakishusha. Tangu msiba alikuwa hali, halali, amebaki mifupa. Akamshika mumewe mkono.

"Iunde, Baba Fridolin. Mtoto wetu hakuzikwa. Tumfanyie hata hili moja."

Basi akaiunda, kila alasiri akitoka kazini. Alipobandika mabawa, Justa aliomba ugali. Alipobandika mkia, alimsikia akiimba jikoni. Raimundi akaona gundi ile ndiyo dawa, akaharakisha. Mwisho ukabaki mfuniko wa kioo cha plastiki, wa kumfunika rubani. Aliubandika Jumapili baada ya misa.

"Amefika," Justa akanong'ona. Akajilaza.

Hakuamka.

Mganga wa zahanati hakuona homa. Padre akampaka mafuta matakatifu, akaondoka. Raimundi akabaki peke yake kando ya kitanda, jua la mchana likiingia dirishani, na ile ndege mezani.

Hapo akaona kioo cha ndege kina ukungu.

Akaupangusa kwa kidole. Haukutoka. Ulikuwa upande wa ndani.

Ukafifia wenyewe. Ukarudi. Ukafifia. Ukarudi, taratibu, kama mtu anayehema usingizini.

Raimundi akageuka kumtazama mkewe. Kifua kimetulia. Akaitazama ndege. Ukungu ukaja, ukungu ukaenda. Kifua kimetulia.

"Fridolin," akasema. "Mwachilie mama yako."

Ukungu ukazidi.

"Mwanangu, nakuomba. Sina mwingine."

Kioo kikawa cheupe chote. Midomo ya Justa ikaanza kugeuka rangi.

Raimundi akachukua patasi. Aliyekuwa mle ndani ni mwanawe. Alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Na aliyekuwa kitandani ni mkewe.

Akafumba macho. Akapiga.

Mfuniko ukaruka. Ndani palikuwa patupu. Justa akavuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyeopolewa majini. Kinywa chake kikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana wa kiume.

"Baba. Nilikuwa nimeshafika."

Kisha akalia kwa sauti yake mwenyewe, akaomba maji.

Justa aliishi. Alizeeka palepale Lumemo, na kuhusu ndege ile hakuuliza hata siku moja. Lakini mchana ule, Raimundi alipotoka nje ili alie pasipo kuonekana, aliliona shamba nyuma ya nyumba. Mpunga uliokuwa wima asubuhi ulikuwa umelazwa kwa mistari mitatu, mipana kama gurudumu la lori. Ilianzia katikati ya shamba, mahali pasipo njia. Ilikuja moja kwa moja hadi ukutani, chini ya dirisha la Justa.

Ya kurudi haikuwapo.