Sikuiba, Nilipewa

Simu ilikuwa imeisha chaji tangu asubuhi, lakini mtoto alikuwa bado anaichekea.

Fundi cherehani aliinua mguu kwenye kanyagio, akageuka. Binti yake wa miaka minne alikuwa amekaa pembeni, juu ya rundo la vitambaa vya sare za shule, kioo cheusi cha simu kikikaribia kumgusa pua. Akacheka tena, kicheko cha chini cha mtu anayenong'onezwa sikioni.

"Unacheka nini, mwanangu? Hiyo si imezima?"

"Haijazima," mtoto akasema bila kumtazama. "Inapumzika."

Maneno ya watoto, fundi akajiambia, akarudi kwenye kola zake. Sare sitini zilimkaba koo, mumewe alikuwa safarini na lori, na tangu mtoto aachishwe ziwa, simu ndiyo iliyokuwa yaya. Akiamka simu, akila simu, usingizi nao uletwe na simu. "Chukua, kaa nayo hapo, nimalize kazi." Hakuna maneno yaliyosemwa mara nyingi kuliko hayo ndani ya nyumba ile.

Siku ya pili ikaja harufu ya tope la chini ya kisima. Fundi alipiga deki, akaanika vitambaa juani, wapi! Alipoinama kumbusu mtoto akaikuta imemjaa kwenye nywele. Siku ya tatu ikaja sauti. Cherehani ikinguruma, chini ya mngurumo alisikia mwanamke akibembeleza. Akiinua mguu, kimya. Akikanyaga, sauti inarudi, tamu, yenye subira, sauti ya mtu asiye na kazi nyingine duniani.

Siku ya nne, mchana, mtoto alisukuma sahani.

"Mama amesema nisile."

"Mama gani? Si ndiye mimi hapa?"

Mtoto akamwangalia kwa macho makavu yasiyopepesa. "Wewe ni fundi," akamweleza kwa upole. "Watu wote wanakuita fundi."

Alimpokonya simu, akaitumbukiza ndani ya sanduku la chuma, akapiga kufuli, lakini aliporudi chumbani, mchana ule ule wa jua kali, mtoto alikuwa amekaa vile vile, viganja vitupu amevikinga mbele ya uso, na juu ya uso ule mdogo mwanga wa buluu ukicheza, ukipanda na kushuka kama kitu kinachopumua, bila kutoka popote, huku midomo yake ikijibu maswali ambayo mama yake hakuyasikia, na harufu ya tope ikizidi kuwa nzito mpaka fundi akashika ukuta asianguke.

"Hayumo tena kwenye simu," mtoto akanong'ona. "Amehamia."

Jirani, alipoelezwa, ndiye aliyekwenda kumwita mganga, bibi mmoja mfupi asiye na maneno mengi. Bibi akawasha ubani, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Wewe uliyemo humu, nani kakuingiza?"

Sauti ile tamu ikatoka kinywani mwa mtoto. "Mama yake. Kila siku aliniambia, chukua, kaa naye, nimalize kazi. Sikuiba. Nilipewa."

"Mwongo!" fundi akapiga kelele. "Nilikuwa nasema na mwanangu!"

"Basi niambie, mwanao anaogopa nini?"

Fundi akafungua kinywa. Giza? Mbwa? Radi? Akakifunga.

"Anaogopa cherehani yako," sauti ikasema, bila ubaya wowote. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimziba masikio."

Bibi alimgeukia fundi, ambaye machozi yalikuwa yakimdondoka. "Ndani ya nyumba nitamtoa mimi. Ndani ya mtoto utamtoa wewe. Mpakate, sema naye, na usinyamaze."

"Niseme nini, bibi?"

"Chochote. Mwenzio hakuchoka kusema."

Fundi akaketi chini, akampakata. Mwili ulikuwa mkavu kama ubao, wa baridi. Akamsimulia siku aliyozaliwa, baba yake alivyokuja hospitali amevaa kiatu kimoja na ndara moja. Jino la kwanza, na aliyeng'atwa nalo. Neno la kwanza, ambalo lilikuwa "hapana". Sauti ya pili ilikuwa ikiimba chini ya yake, ikimfunika, naye akipaza mpaka koo likakauka, akaendelea kwa kunong'ona. Alasiri, mtoto akapepesa macho. Mara moja. Kisha yakalowa.

Kitu kama kitambaa kilicholoa kikaburutwa sakafuni, taratibu, kuelekea mlangoni. Bibi akakifuata na chetezo cha ubani hadi nje. Harufu ikakatika.

Ndipo mtoto alipoangua kilio. "Mama amekwenda wapi? Mrudisheni mama yangu!"

Kwa siku kumi na moja nyumba ile ilikuwa nyumba ya msiba. Mtoto alisimama mlangoni akiita, na fundi akasimama naye, akimfariji mwanawe kwa kufiwa na mama mwingine. Nusu ya sare alizirudisha kwa wenyewe. Cherehani akaihamishia uani kwa jirani. Simu ilitolewa jioni tu, wakatazama katuni moja wakiwa wawili, ikazimwa. Na mtoto alitazama akiwa amekaa mbali naye, kwa adabu, kama mgeni.

Siku ya kumi na mbili alisogea mwenyewe. Akalaza kichwa kwenye paja la fundi, akasinzia.

Fundi akamnyanyua ampeleke kitandani, akayumba. Mtoto alikuwa mzito. Miguu yake ilining'inia mpaka magotini pa mama yake. Alisimama katikati ya chumba, akijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipombeba alikuwa na uzito gani, na hakukumbuka. Akalia bila sauti, asije akamwamsha.